HATUA ZA MTOTO: LINI AKAE, LINI ASIMAME, LINI ASEME

Wazazi watukufu, mtoto ni amana. Neno hili twalisikia harusini na akikani, lakini ni wachache tunaojiuliza amana hii huchungwa vipi katika ile miaka miwili mitatu ya mwanzo, wakati mtoto hana ulimi wa kujieleza wala miguu ya kumpeleka atakako. Mwenye kuwekewa amana ya fedha huihesabu. Mwenye kupewa mtoto naye yampasa aijue hesabu yake: lini shingo hukaza, lini mtoto hukaa kitako, lini husimama dede, lini huita "mama" akijua amwita nani.

Asiyeijua hesabu hii huangukia katika moja ya makosa mawili. Ama humtia haraka mtoto aliye mzima kwa kuwa wa jirani amemtangulia kutembea, akamsumbua na kujisumbua. Ama humwacha mtoto mwenye ila mpaka wakati bora wa kumsaidia umepita, kwa sababu wakubwa walisema, "Mwacheni, atasema tu." Kosa la kwanza huleta huzuni ya bure. La pili huweza kumgharimu mtoto maisha yake yote.

Uumbaji kwa daraja

Qur'ani Tukufu haikutufundisha kuwa mwanadamu huja duniani amekamilika. Katika Sura Nuh, aya ya 14, twakumbushwa kuwa tumeumbwa daraja baada ya daraja. Na katika Sura An-Nahl, aya ya 78, kuwa tulitolewa matumboni mwa mama zetu hatujui kitu, tukapewa kusikia, na kuona, na nyoyo. Angalieni mpango wa maneno hayo: kusikia kumetangulizwa. Na kitoto kichanga ndivyo kilivyo. Masikio yake yalianza kazi tangu yumo tumboni, hata azaliwapo huwa amekwisha kuizoea sauti ya mama yake. Macho bado ni dhaifu. Hayaoni vema ila kilicho karibu, kadiri ya sentimita 20 mpaka 30, ambayo ni masafa ya kutoka kifuani kwa mama anyonyeshaye mpaka usoni pake.

Hali kadhalika muda wa kunyonya umetajwa kuwa ni miaka 2 kamili kwa atakaye kuutimiza (Al-Baqara, aya ya 233), na mimba pamoja na kulikizwa kuwa ni miezi 30 (Al-Ahqaf, aya ya 15). Kutokana na aya hizi wanazuoni walipiga hesabu: 30 ukitoa 24 hubaki 6, wakasema kuwa muda mfupi kabisa wa mimba ni miezi 6.

Hesabu hiyo yatukumbusha jambo ambalo wazazi wengi hulisahau, nalo ni hali ya mtoto njiti. Aliyezaliwa miezi 2 kabla ya wakati wake haifai kulinganishwa na aliyetimiza miezi 9 tumboni. Atimizapo miezi 8 tangu kuzaliwa, mpimeni kama mwenye miezi 6. Madaktari huenda kwa hesabu hii mpaka mtoto afikie umri wa miaka 2 hivi. Ni mama wangapi wamelia usiku kwa ajili ya mtoto njiti "asiyekaa", hali mtoto huyo yu katika wakati wake barabara!

Miezi ya kwanza

Katika siku za arobaini mtoto hushtuka kwa kishindo, hutulia asikiapo sauti aijuayo, na hutazama uso wa amchukuaye. Hutabasamu usingizini pia, na bibi zetu husema kuwa anacheka na malaika. Lakini tabasamu linalongojewa ni lile la kukujibu wewe: umtazame, useme naye, naye akuchekee. Hilo huja karibu na mwezi wa 2.

Afikapo miezi 4 kichwa chake hakiyumbi tena abebwapo wima, na kicheko chake huwa na sauti. Karibu na miezi 6 hunyosha mkono akashika akitakacho na kukitia kinywani, hujigeuza kutoka kifudifudi kwenda chali, na humgeukia amwitaye.

Kati ya miezi 8 na 9 huzuka jambo linalowatisha wengi: mtoto aliyekuwa akipokewa na kila mtu sasa amwona mgeni, hulia na kumng'ang'ania mama. Husemwa kuwa ameona kitu, au mgeni ana jicho baya. Sivyo. Akili yake imekua. Sasa apambanua kati ya watu wake na watu wa nje. Jaribuni jambo jingine katika umri huo: mwonyesheni kijiko, kisha mkifunike kwa kanga. Mdogo zaidi hudhani kuwa kisichoonekana kimekwisha. Huyu ataifunua kanga akitafute. Jean Piaget (1896–1980), mtaalamu wa Uswisi aliyewachungua wanawe watatu siku baada ya siku na kuyaandika ayaonayo, ndiye aliyeutangaza ulimwenguni mchezo huu mdogo kuwa ni hatua kubwa ya akili.

Kukaa, kutambaa, na kusimama dede

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 816 kutoka nchi 5: Ghana, India, Norway, Oman na Marekani. Watoto hao walikuwa na afya, walinyonyeshwa, na mama zao hawakuvuta sigara. Kila mmoja aliangaliwa mara kwa mara tangu miezi 4 mpaka alipoweza kutembea. Muda ulioonekana kwa watoto hao wazima ni huu:

Kukaa kitako bila kuegemea: tangu miezi 3.8 mpaka 9.2.
Kusimama kwa kushikilia: tangu miezi 4.8 mpaka 11.4.
Kutambaa kwa mikono na magoti: tangu miezi 5.2 mpaka 13.5.
Kutembea kwa kushikilia: tangu miezi 5.9 mpaka 13.7.
Kusimama peke yake: tangu miezi 6.9 mpaka 16.9.
Kutembea peke yake: tangu miezi 8.2 mpaka 17.6.

Itazameni orodha hii kwa makini, kwani yakata shina la ugomvi mwingi wa majumbani. Mtoto wa dada atembeaye kwa miezi 9, na mtoto wa wifi atembeaye kwa miezi 17, wote wawili ni wazima. Baina yao ni zaidi ya nusu mwaka, wala hakuna aliyemshinda mwenziwe. Kutangulia kutembea si dalili ya kuwa na akili nyingi, wala kuchelewa ndani ya muda huu si dalili ya uzito. Zaidi ya hayo, watoto wapatao 4 katika kila 100 hawakutambaa kwa mikono na magoti kabisa. Wengine husota kwa makalio, kisha huinuka wakaenda zao.

Kwa hiyo hakuna haja ya kumlazimisha mtoto asimame kabla ya wakati. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 1350, aliandika kitabu kizima juu ya hukumu na malezi ya mtoto mchanga, kiitwacho Tuhfat al-Mawdud, na ndani yake aliwaonya wazazi wasimtembeze mtoto kabla ya wakati wake, kwa kuchelea miguu kupinda. Madaktari wa leo wanaeleza kuwa matege madogo ni ya kawaida mpaka karibu na miaka 2 kisha hunyoka yenyewe, na kuwa matege makubwa mara nyingi hutokana na ukosefu wa vitamini D. Lakini shauri la kutomharakisha limesimama pale pale. Vile vigari vya magurudumu anavyotiwa mtoto ili "afundishwe kutembea" havimfundishi, tena humtupa ngazini na kumfikisha penye moto. Canada ilipiga marufuku kuviuza mwaka 2004. Mkeka safi sakafuni, na mtu mzima karibu, vyamtosha mtoto.

Kusema hutanguliwa na kusikia

Ulimi nao una daraja zake. Karibu na miezi 2 au 3 mtoto hutoa sauti laini za koo. Baina ya miezi 6 na 9 huanza kubwabwaja: ba-ba-ba, ma-ma-ma. Hapo baba huondoka kifua mbele kwa kuwa ameitwa, lakini mtoto bado hajakusudia mtu. Karibu na kutimiza mwaka ndipo neno hupata maana, na kabla ya hapo huwa amekwisha kufahamu mengi: akiambiwa "njoo" huja, akiambiwa "lete" hutoa. Kwa miezi 18 huwa na maneno kadhaa yake mwenyewe. Kwa miaka 2 huunga mawili: "taka maji," "baba kwenda," bila kujali sarufi. Atimizapo miaka 3, mgeni asiyemzoea hufahamu sehemu kubwa ya maneno yake.

Baadhi ya watu hudhani kuwa mtoto anayesikia lugha mbili nyumbani, Kiswahili kwa baba na Kigiriama au Kisambaa kwa mama, atachanganyikiwa asiseme. Hofu hii haina msingi. Watoto huzipokea lugha mbili kwa pamoja, na mtoto aliyechelewa mno kusema yafaa atafutiwe sababu nyingine.

Na sababu ya kwanza ya kutazamwa ni masikio. Hapa pana mtego ambao wazazi wengi huingia. Mtoto kiziwi naye hulia, hucheka, na katika miezi ya mwanzo hutoa zile sauti laini kama wenziwe, kwa hivyo nyumbani husema, "Huyu ni mzima, mbona apiga kelele?" Lakini baada ya hapo sauti zake haziendelei, na kule kubwabwaja kwa ba-ba na ma-ma huchelewa au kukosekana. Atambue nini cha kuiga, hali hasikii?

Mtoto mmoja wa miaka 6 aliletwa chuoni kwetu akitoka chuo kingine, ambako alikuwa amepigwa sana kwa kuitwa mkaidi. Mama yake aliniambia, "Maalim, mwanangu ni mzito, nakuomba umvumilie." Nikamkalisha mbele yangu. Siku ya pili niliona kuwa herufi nilizomsomea ananitazama alizirudia vizuri, na nilizomsomea nimeinamia msahafu hakuzirudia. Nikapiga kofi nyuma yake, hakugeuka. Nikamwambia mama, "Mama, mtoto huyu si mzito. Mpeleke akapimwe masikio." Ilionekana hospitali kuwa masikio yote mawili yalikuwa yameharibika, kwa usaha uliotoka tangu utotoni ukaachwa, kwani watu walimwambia mama kuwa ni jambo la kawaida la watoto. Kwa dawa, na kwa chombo cha kumsaidia kusikia, alisoma. Lakini yale maneno ambayo wenziwe waliyachuma wakiwa na miaka 2 na 3 ilimbidi ayatafute moja moja akiwa na miaka 7, na ile mikwaju hakuna awezaye kumfutia.

Walimu wenzangu, kabla hamjamwita mtoto mjinga, jueni kwanza kama asikia na kama aona.

Kigego na itikadi mbaya

Twazungumza habari za hatua za mtoto, wala haifai kuyanyamazia meno. Meno ya kwanza aghalabu hutoka karibu na miezi 6, lakini baina ya miezi 4 na mwaka si ajabu. Mara nyingi huanza yale ya chini, na kwa baadhi ya watoto huanza ya juu. Mtoto wa namna hii zamani aliitwa kigego, akasemwa kuwa ataleta nuksi na kuwaua jamaa zake, na katika baadhi ya mahali aliuawa. Siku hizi hauawi. Lakini mpaka leo kuna nyumba ambamo bibi hunong'ona, na mama hufichwa na mwanawe.

Jino kutangulia juu au chini ni tofauti tu ya maumbile kama tofauti ya vidole. Mtume s.a.w. ameikataza tiyara, yaani kuogopa nuksi. Na katika Sura At-Takwir, aya ya 8 na ya 9, mtoto aliyezikwa hai ataulizwa aliuawa kwa dhambi gani. Je, kitoto kilichoota jino la juu kitajibu nini?

Katika mlango huu huu yaingia mambo mengine mawili yafanywayo mpaka leo. La kwanza ni kumtoboa ufizi mchanga na kumng'oa "meno ya nailoni" akiwa na homa au akiharisha. Yale yang'olewayo ni chembe za meno yake halisi, na kile chuma huleta damu nyingi na sumu mwilini. La pili ni kumkata kilimi mtoto mwenye kikohozi. Yote mawili yameua watoto ambao dawa yao ilikuwapo zahanati.

Dalili zisizongojwa

Tumesema kuwa muda wa kila hatua ni mpana. Lakini mpana si kusema hauna mwisho. Mpelekeni mtoto kwa daktari, bila ya kungoja, mwonapo mojawapo ya haya:

1. Hashtuki kwa kishindo, au hafuati uso kwa macho, au hatabasamu afikapo miezi 3.
2. Kichwa chake bado chaanguka afikapo miezi 4, au mwili ni mlegevu kama kitambaa, au ni mkavu miguu ikipishana kama mkasi.
3. Hawezi kukaa bila kuegemea afikapo miezi 9.
4. Atumia mkono mmoja tu kabla ya kutimiza mwaka, na mwingine umefumbwa ngumi. Wazazi wetu huliona jambo hili kuwa ni la adabu, ikiwa autumiao ni wa kushoto. Katika umri huu si adabu, ni dalili ya udhaifu wa upande mmoja.
5. Hageuki aitwapo, wala haonyeshi kitu kwa kidole, wala hapungi mkono, afikapo mwaka na miezi michache.
6. Hatembei afikapo miezi 18, au hana hata neno moja.
7. Haungi maneno mawili afikapo miaka 2.
8. Alikuwa akiweza jambo, akasema au akatembea, kisha akaliacha. Hili ni zito katika umri wowote.

Sababu ni nyingi. Mtoto aliyechelewa kulia alipozaliwa, aliyepata manjano makali siku za mwanzo, aliyeugua malaria kali yenye degedege, au homa ya uti wa mgongo, huenda ubongo au masikio yake yameguswa. Huyu aangaliwe zaidi hata kama aonekana mzima. Mtindio wa ubongo si jini wala si adhabu. Hauondoki, lakini mazoezi ya viungo yakianzwa mapema humpa mtoto mikono na miguu ambayo asingekuwa nayo. Dua twaiomba, na haikatazwi. Lakini Mtume s.a.w. aliyetufundisha kuomba ndiye aliyetuamuru kutafuta dawa. Kumfungia mtoto chumba cha ndani kwa aibu si katika dua wala si katika dawa.

Yapasayo nyumbani

Mtoto apewe ziwa la mama peke yake miezi 6 ya mwanzo, bila maji wala uji, kisha aongezewe chakula huku akiendelea kunyonya mpaka miaka 2. Chanjo zisipitwe, ile ya surua katika nchi zetu za Kenya na Tanzania huwa kwa miezi 9, na ya pili kwa miezi 18.

Semeni na watoto. Mama apikapo amtajie kijiko, moto, samaki. Baba avaapo kanzu amwambie aendako. Mtume s.a.w. alimchukua mjukuu wake Umama katika sala, na alimwuliza Abu Umair, nduguye Anas aliyekuwa mtoto mdogo, habari ya kindege chake. Ikiwa aliyebeba mzigo wa Umma mzima alipata nafasi ya kuulizia kindege cha mtoto, ni shughuli gani iliyomzuia mmoja wetu?

Wengi katika zama hizi humpa mtoto simu ili anyamaze. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri kuwa mtoto wa chini ya mwaka asiwekwe kabisa mbele ya kioo cha televisheni wala simu, wa mwaka mmoja naye haifai, na wa miaka 2 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua ni bora zaidi. Simu husema bila kungoja jibu, na mtoto hujifunza kusema kwa kujibiwa.

Na jambo hili si la wanawake peke yao. Mama ndiye aonaye kwanza kuwa kuna kitu hakiendi sawa, kwani ndiye akaaye naye. Lakini aghalabu nauli ya kwenda hospitali imo mfukoni mwa baba, na ruhusa i ulimini mwake. Mke anaposema, "Baba fulani, mtoto huyu hanigeukii nimwitapo," asijibiwe kuwa ana wasiwasi. Baba na ainuke, asimame nyuma ya mtoto, apige kofi, ajionee mwenyewe. Akigeuka, wote wawili watalala vizuri. Asipogeuka, kesho asubuhi waende pamoja.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awakuze watoto wetu katika afya, na atupe sisi macho ya kuwaona. Amin.